Pumzi za Bosi

Kaka yangu ni fundi wa makochi, na ukimuuliza yeye atakuambia ndiye fundi wa makochi wa mwisho aliyebaki, wengine wote ni waharibifu wa vitambaa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini mimi ni dada yake, tena mkubwa, na nashona vifuniko vya mito kwenye chumba hichohicho anachogongea misumari, kwa hiyo nina haki ya kumsema na nina haki ya kusema kweli. Kweli ni kwamba kochi lake halidanganyi mtu. Unakaa, unainuka, na lenyewe linabaki kama lilivyokuwa.

Mtaani wanamwita Mkazo. Kabla hajaweka sponji huwamba fremu kwa mikanda ya mpira, anaivuta kwa mikono miwili huku goti likiwa limesukuma mbao, uso unamwiva, kisha anapiga stepla. Halafu anaupiga kila mkanda kwa kidole kama uzi wa gitaa. Mkanda ukilia, anaendelea. Usipolia anaing'oa yote na kuanza upya, hata kama mwenye kochi amekaa pale kwenye benchi anatazama saa na kuguna. Nimewaona wateja wakimbembeleza aache tu, watakalia hivyohivyo. Anawajibu, "Utakalia wewe, lakini watakaokuja kwako watauliza fundi ni nani."

Shuleni hakufika mbali. Akili alikuwa nayo, ila hakuweza kutulia akiona kitu kimelegea. Mwalimu wa hesabu alimkuta chini ya dawati anakaza skrubu kwa kijiko, akamfukuza darasani, na yeye akaondoka na kijiko chake bila kinyongo. Akaenda kwa fundi mmoja mzee, akaanza kwa kufagia na kunyoosha misumari iliyopinda, na alipopewa mkanda wa kwanza auvute mwenyewe aliuvuta mpaka mbao ikapasuka. Mzee alimtukana, halafu akamwajiri.

Mke wake, wifi yangu, anakatisha tiketi kwenye ofisi ya mabasi. Ni mwanamke wa maneno machache. Nadhani anayamaliza yote kwa abiria. Walioana, wakakaa muda wakisubiri mtoto, mtoto akaja, na alipokuja alichelewa kulia. Hilo ndilo nakumbuka kuliko yote, wauguzi wanakimbia na viatu vyao vinapiga kelele sakafuni, na kaka yangu amesimama kwenye korido ameshika kapu la nguo za mtoto, hajui aliweke wapi.

Miezi ikapita, shingo haikusimama. Miguu ikawa inakakamaa kama mtu aliyeshtuka, na mgongo nao ukawa hauna habari kabisa. Daktari akatuambia ni mtindio wa ubongo. Ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa, akasema, na amri zinazotoka huko kwenda kwenye misuli zinafika zimevurugika, misuli mingine inakaza kupita kiasi na mingine inalegea. Majirani nao walikuwa na maelezo yao. Mmoja alikuja kunieleza yake karakana, nikamweleza yangu, na tangu siku hiyo akipita hapa anapitia ng'ambo ya barabara.

Mtoto tulimwita Bosi. Alikuwa analazwa juu ya vipande vya sponji kwenye kona ya karakana, na kutoka pale alikuwa anatutazama sote kwa jicho kali la mtu anayelipa mishahara. Mtu akiangusha mkasi, Bosi anamgeukia. Mimi nikiimba, anafumba macho. Maneno alikuwa nayo machache, na yalikuwa yanatoka kwa kunong'ona, lakini akili yake ilikuwa kamili, tena ya kejeli. Hayo yalijulikana mapema.

Alipokua kidogo, kaka yangu akaamua kumtengenezea kiti. Aliona aibu, alisema, fundi mzima wa viti mwanawe analala sakafuni. Akafunga milango ya karakana, akaahirisha kazi za watu, akajenga kiti cha mbao ngumu chenye mgongo mrefu, sponji nzuri, kitambaa cha buluu ambacho wateja huwa anawaambia kimekwisha. Kisha akaweka mikanda. Mmoja kifuani, na mwingine mpana wa ngozi tumboni, uliofunikwa vizuri kwa ndani usimchubue. Akamkalisha, akavuta. Akaupiga mkanda kwa kidole. Ukalia.

"Samaki mkunje angali mbichi," akasema. "Mgongo huu tukiuzoesha kunyooka sasa, utanyooka."

Na kweli Bosi alikaa wima. Kwa mara ya kwanza maishani aliitazama barabara uso kwa uso badala ya kutazama dari. Watu walikuja kuona. Walimsifu mtoto, wakakisifu kiti, wakamsifu na fundi, na fundi kichwa kikavimba tukashindwa kukaa naye chumba kimoja. Mimi nililia kwa furaha, na sijutii machozi yale, maana mtoto mwenyewe alikuwa anacheka.

Baada ya hapo Bosi akawa mtulivu. Tulisema hivyo, "Siku hizi Bosi ametulia." Zamani alikuwa akiniita Shangazi kwa mikupuo miwili, shanga, anapumzika, zi. Sasa ikawa sha, basi. Chakula alikuwa anakila kidogo halafu anachoka. Mabega yakawa yanapanda na kushuka kila akivuta pumzi, kama mtu aliyetoka kupanda ngazi, na yeye hajatoka popote. Wifi aliliona hilo akasema huenda mtoto amechoka kukaa. Kaka yangu akamjibu kwamba mwanzo wa kila kitu ni mgumu, na akaukaza mkanda kidogo, kwa sababu ulikuwa umeanza kutanuka.

Majira ya baridi yakaingia na mafua yake. Sote tuliugua tukapona. Bosi hakupona. Makohozi yalikuwa yanakoroma ndani ya kifua chake, unayasikia ukiwa upande wa pili wa chumba, na yeye anajaribu kukohoa inatoka sauti ndogo tu, khe, khe, kisha anakata tamaa. Yakageuka homa ya mapafu. Hospitali walimwekea oksijeni, wakamwingiza mpira mwembamba kooni na kuyanyonya makohozi kwa mashine. Kaka yangu alishika miguu yake ili asirushe. Nilimwona amegeuza uso, mtu ambaye mikono yake inapasua mbao.

Alipopata nafuu, daktari wa watoto alitukalisha. Ni mama mtu mzima, hana maneno ya kuzungukazunguka.

"Mapafu yake si mabovu," akasema. "Misuli ya kuyaendesha ndiyo dhaifu. Mtu akipata mafua anakohoa, uchafu unatoka, yamekwisha. Huyu hana nguvu ya kukohoa. Unabaki ndani, unaoza. Safari hii tumemwahi. Lakini siwezi kuwaahidi kwamba kila safari tutamwahi. Asipoweza kukohoa, mafua ya kawaida tu yatatunyang'anya huyu mtoto."

Wifi akauliza swali moja. "Hiyo nguvu inapatikana?"

"Kiasi," daktari akasema. "Mpelekeni chumba cha mazoezi. Na mfanye kweli, msifanye kwa kunifurahisha mimi."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa msichana mwembamba mwenye raba nyeupe, ambaye kaka yangu alimdharau tangu mlangoni. Sisi tulimwita Dada wa Mazoezi na mpaka leo hatujui jina lake jingine. Alikuwa ametuambia tuje na kiti anachokalia mtoto. Kaka yangu alikisugua kiti chake kama cha kwenda kwenye mashindano, akakiingiza chumbani kwa mbwembwe, akamkalisha Bosi, akafunga, akapiga mkanda kwa kidole. Ukalia. Akasubiri sifa.

Dada wa Mazoezi alikizunguka kiti mara moja. Alipiga magoti mbele ya kiti, akamwambia Bosi, "Habari yako, mrembo," akamtazama shingo, mabega, mbavu. Kisha akajaribu kupitisha vidole kati ya mkanda na tumbo. Havikupita.

"Nani kamfunga hivi?"

"Mimi," kaka yangu akasema. "Mkazo huo huwezi kuupata dukani."

"Naona," akasema. Akaenda kabatini, akarudi na bendeji pana nene ya kufungia mgongo. "Baba, tafadhali, kaa hapa. Jifunge hii tumboni. Jifunge mwenyewe, kwa mkazo uleule."

Angekuwa mtu mwingine angekataa. Kaka yangu ukimtajia mkazo umemchokoza. Alikaa, akaivuta ile bendeji mpaka ikalia, akatutazama kwa fahari.

"Haya. Mwite dada yako pale mlangoni. Kwa sauti."

Akaniita. Sauti ilitoka nyembamba, si ile yake ninayoisikia tangu utotoni ikinigombeza.

"Sasa kohoa."

Akakohoa kama mtu anayegonga mlango wa watu asiotaka kuwaamsha. Mimi nilianza kucheka. Nikamwona uso, nikaacha.

"Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaitwa kiwambo," Dada wa Mazoezi akasema, taratibu, bila kumsimanga. "Umewambwa pale, umetenganisha kifua na tumbo. Ukivuta hewa unashuka, tumbo linasogea mbele kuupisha. Tumbo likikosa pa kwenda, hewa haingii ya kutosha. Na bila hewa ya kutosha huwezi kukohoa, huwezi kuita, hata kula kunachosha. Wewe una kifua cha kubeba makochi, na bado umeshindwa kumwita dada yako. Yeye misuli yake ilikuwa dhaifu tangu mwanzo."

"Nilitaka akae wima," kaka yangu akasema. Alikuwa bado amefungwa ile bendeji.

"Na amekaa wima. Kiti ni kizuri, sijaona kizuri kama hiki hapa. Asipokaa wima pia hapumui vizuri, kwa hiyo hukukosea kumwinua. Mkanda ndio uko mahali pabaya. Ushushe, ushike nyonga. Tumbo na kifua viache huru."

Akamfungulia Bosi ule mkanda wa ngozi. Tuliona kwa macho yetu. Tumbo lilitoka mbele, likarudi, likatoka tena, na Bosi akashusha pumzi ndefu kama mzee aliyevua viatu. Wifi akageuka akatazama ukutani, pale penye picha ya mifupa.

Tulirudi nyumbani. Asubuhi yake nilifika karakana nikakuta kiti cha buluu kimepinduliwa miguu juu, na kaka yangu amekalia kopo la gundi, anang'oa stepla moja moja kwa koleo. Macho mekundu.

"Nilimfunga mwanangu pumzi, Dada," akasema. "Kwa mikono yangu. Na kila akilegea nikamwongezea."

Mimi sijui kubembeleza, sikufundishwa. "Ulimfunga, sasa mfungue," nikamwambia. "Na ukimaliza kulia kuna kochi la mwalimu linakusubiri tangu juzi." Alicheka kidogo, pua imejaa. Kisha nikaenda uani nikajifanya naanika vitambaa, nikalia mimi. Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

Kukirekebisha kile kiti kulimsumbua kuliko kukitengeneza. Mkanda ulipohamia kwenye nyonga, Bosi akaanguka kushoto kama gunia. Akaweka mto ubavuni, akaangukia kulia. Akaweka mito miwili, ikamgusa kwapani akakasirika. Akachonga sponji laini, akachonga ngumu, akazigundisha pamoja, akazibandua. Akamwekea mbele meza ndogo iliyolingana na viwiko, ili aegemeze mikono na mabega yasifanye kazi ya kifua. Dada wa Mazoezi akatuambia pia kwamba harufu ya gundi na vumbi la sponji si vitu vya kifua kile, kwa hiyo kazi zote za gundi zikahamia uani, na mimi nikapewa ufagio na kitambaa kibichi kila jioni kama mtumishi. Nililalamika. Nilifagia.

Ile tabia ya kupiga mkanda kwa kidole, kwa Bosi aliiacha. Sasa alikuwa akimkalisha, anamfunga nyonga, kisha anaweka kiganja chake chote tumboni mwa mtoto na kusubiri. Tumbo likiinua kiganja, sawa. Lisipoinua, anafungua na kuanza upya. Mteja anaweza kuwa amesimama pale na kochi lake begani, atangoja.

Halafu yakaja mazoezi, na mazoezi ni kitu cha kuchosha, nisikudanganye. Asubuhi Bosi apulize mapovu ya sabuni. Wakati wa chai atoe sauti, aaa, bila kukata, muda wote wifi anapomimina vikombe, na wifi alianza kumimina haraka ili mtoto afanikiwe, kisha siku baada ya siku akawa anamimina polepole bila kumwambia. Jioni afundishwe kukohoa kwa makusudi: vuta hewa, izuie, ilipue. Kaka yangu alifundishwa kuweka mikono yake chini ya mbavu na kusukuma kidogo wakati uleule mtoto anapolipua, kumwongezea nguvu. Mwanzoni aliogopa hata kumgusa.

Bosi alivichukia vyote hivyo. Alikuwa anafumba mdomo na kutazama dari. Haba na haba hujaza kibaba, wifi akasema, lakini kibaba chenyewe hakikuonekana, na kaka yangu akaanza kusema labda msichana wa raba nyeupe ametudanganya. Kilichotuokoa ni mpira. Kaka yangu alikata kipande cha sponji cha ukubwa wa kiberiti, akaweka vizuizi viwili kila upande wa ile meza, akasema hili goli lako, hili langu, marufuku mikono. Unapuliza tu. Akainamisha uso mezani akapuliza. Sponji ikaingia golini kwa Bosi. Bosi akamtazama kwa dharau kubwa, akajikusanya, akapuliza, sponji ikatikisika tu.

Toka hapo hakukuwa na amani tena. Alitaka mpira asubuhi, mchana, akiwa na chakula mdomoni. Baba yake alikuwa anajifungisha, anapuliza kidogo makusudi, na Bosi akagundua. Akanuna. Hakucheza naye siku nzima. Mimi nilimwambia kaka yangu, mtoto si mjinga, usimpe ushindi wa kuokota. Mimi sibembelezi mtu kwenye mpira. Nilikaa mezani nikamfunga Bosi kila goli lililofungika, wifi akiniambia nina roho mbaya, na Bosi akawa ananitaka mimi tu. Alikuwa anajaa hewa mpaka tumbo linasukuma meza, uso unamwiva kama baba yake akivuta mikanda, na sponji ikaanza kutembea. Ikafika katikati. Ikavuka.

Siku moja sponji ilikuwa inakuja golini kwangu na mimi sina pumzi tena, nimecheka sana. Nikaisukuma kwa pua. Ni pua, si mkono, kwa hiyo kanuni sikuvunja.

"Shangazi mwizi!" Bosi akasema.

Alisema kwa mkupuo mmoja. Mashine yangu ya kushonea ilikuwa imezimwa lakini feni ilikuwa inazunguka, na redio inaongea, na bado kaka yangu alisikia kutoka uani. Alikuja mbio ana brashi ya gundi mkononi.

"Amesema nini?"

"Ameniita mwizi," nikamwambia. "Mbele ya wateja."

"Sema tena, Bosi."

Bosi hakusema tena. Yeye si redio. Lakini kesho yake aliniita mwizi mara nyingi, na hata leo mtaani kuna watu wanaamini niliiba kitu.

Dada wa Mazoezi alimpima kwa kimashine cha kupuliza, akafurahi, halafu akatupunguzia furaha, kama kawaida yake. Alisema mtindio wa ubongo hauondoki kwa kupuliza sponji. Mgongo utaendelea kutusumbua, na nguvu hii tukiiacha itapotea. "Amepata akiba kidogo," akasema. "Kama akiba inatosha, tutajua akiugua." Kaka yangu alitoka pale ameinamisha kichwa. Alikuwa anasubiri aambiwe mtoto amepona, na moyoni alijua hakuna atakayemwambia hivyo.

Kwa hiyo tukawa tunayasubiri mafua kama watu wanaosubiri mdai. Mteja akipiga chafya, kaka yangu anamtoa nje na kochi lake. Mwanamke mmoja alikasirika akaenda kwa fundi mwingine, akarudi baada ya muda na kochi lililoanguka katikati, tukalipokea, lakini alilazimika kujieleza akiwa barabarani. Mafua hayana mlango, hata hivyo. Wifi anakaa mchana kutwa kwenye dirisha la tiketi, nusu ya mji inampumulia. Baridi ilirudi, na asubuhi moja Bosi akaamka pua inachuruzika.

Jioni yake kifua kilikuwa kinakoroma. Kesho yake ikaja homa, na kaka yangu hakungoja chochote. Alimbeba Bosi, mimi nikabeba mfuko, wifi akaomba ruhusa kazini akatukuta getini hospitali. Chumba ni kilekile, na daktari ni yuleyule mama mtu mzima, amekonda kidogo. Akaweka kipimo mgongoni mwa Bosi, akasikiliza huku, akasikiliza kule. Akamwambia muuguzi alete mashine ya kunyonya. Wifi akatumwa dirisha la mapokezi kufuata faili.

Nilisikia magurudumu ya ile mashine yanakuja koridoni. Bosi naye aliyasikia. Aliyajua. Alianza kukakamaa miguu, macho yamemtoka, na kukoroma kukazidi.

"Daktari, ngoja," kaka yangu akasema. "Tujaribu wenyewe kwanza."

"Mmefanya mazoezi?"

"Tumefanya."

Daktari alimtazama Bosi mdomo na kucha, kuangalia rangi. "Jaribuni," akasema. "Ikishindikana naingia mimi."

Kaka yangu alimkalisha Bosi kwenye ukingo wa kitanda, akapanda nyuma yake, akamwegemeza kifuani mwake. Akaweka mikono chini ya mbavu.  "Bosi," akamwambia sikioni, "vuta."

Akavuta. Ikaishia njiani, akatoa khe ndogo, hakuna kitu. Muuguzi alikuwa ameshachomeka waya ukutani.

"Tena. Polepole. Usinitazame mimi, mtazame shangazi yako mwizi."

Akanitazama. Sikujua nifanye nini na uso wangu, nikajaza mashavu hewa kama tulivyokuwa tunafanya mezani. Tumbo la Bosi likatoka mbele, likaendelea kutoka, likaisukuma mikono ya baba yake. Akaizuia hewa. Kaka yangu akasukuma, na Bosi akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mtu mzima. Kilimwinua kitandani. Kikafuata kingine kabla hajatulia, kichwa kikampinduka pembeni kwenye bega la baba yake, na kohozi likatoka, zito, la kijani, likatua kifuani kwenye shati la kaka yangu. Bosi akavuta pumzi. Haikukoroma. Akavuta nyingine.

Daktari aliweka kipimo tena, akasikiliza muda mrefu. Alipokitoa masikioni alimwambia muuguzi, "Irudishe hiyo." Kisha akasema tutapewa dawa, tutakaa mpaka jioni tuangaliwe, na tukikohoa hivi tutalala nyumbani. Mimi nilikaa chini kwenye ndoo ya taka nikidhani ni kiti.

Muuguzi akachukua pamba, akamwinamia kaka yangu amfute lile shati. Kaka yangu akamzuia mkono.

"Acha kwanza, dada," akasema. "Mama yake hajaliona."

Akakaa hivyohivyo, kohozi kifuani, mgongo wima kama mtu anayengoja kupigwa picha, mpaka wifi akaingia na faili.